Mikoko ya Ubaoni

Ubao ndio uliobaki. Tufani ilibeba paa la shule, ikabeba kanisa, ikabeba mashua kumi na nne na mtoto wa Crisanta, Jonalyn, aliyekuwa na miaka tisa. Lakini ubao wa kijiji cha Kabugnawan haukuinama hata kidogo, kwa kuwa Kapitan, mkuu wa kijiji, aliujengea nguzo za zege.

Crisanta mwenyewe ndiye aliyeuchora, miaka sita kabla ya tufani. Ulionyesha pwani yao kama keki iliyokatwa ikaonekana ubavuni: mlima kushoto, minazi, nyumba, mabwawa ya kufugia samaki aina ya mwatiko, kisha safu ya mikoko, nyasi za bahari, na mwisho matumbawe. Mishale ilionyesha samaki wanazaliwa wapi na wanakulia wapi. Mpango rasmi wa kutunza pwani una kurasa sitini na hakuna anayeusoma. Kilichochorwa ubaoni ndicho kinachofanywa. Basi wanafunzi wa mjini walikuja Jumamosi moja na fulana zao za sare, wakachomeka mbegu elfu kumi za mikoko juu ya nyasi za bahari, palepale ilipochorwa. Wakapiga picha, wakala wali na nguruwe wa kuchoma, wakaenda zao. Mwaka haukuisha, miche yote ikawa vijiti.

Sasa, miaka miwili baada ya tufani, kijiji kilitaka kupanda tena.

"Shemeji, usijitese," Kapitan Wilfredo alimwambia Crisanta asubuhi ya mkutano wa kijiji, akimwekea makopo ya rangi miguuni. "Pitisha rangi mpya juu ya ileile. Afisa wa manispaa anafika saa nne."

"Juu ya ileile."

"Eeh. Si wageni wote waliusifu?"

Crisanta aliitikia kwa kichwa. Siku hizi aliitikia kila kitu. Alipika, alifua, alilala, na samaki mkavu mdomoni mwake hakuwa na tofauti na karatasi. Tangu mazishi hakuwa ametoa chozi. Watu, waliomwita Manang Santa, yaani dada mkubwa, walisema ni mgumu. Ugumu gani? Ganzi si ugumu.

Alianza na mlima, akaja kwenye minazi, akaja kwenye nyumba. Kwenye bwawa kubwa brashi ikasimama. Lilikuwa bwawa la Wilfredo na mdogo wake Abner, mumewe Crisanta, lililochimbwa baada ya kufyeka mikoko ya babu zao. Tufani ilipasua kingo zake, likabaki tope tupu, na ndugu hao wawili bado walisema watalijenga upya.

Alipochora mara ya kwanza, kwa penseli, mikoko aliiweka humo, mahali ilipokuwa zamani. Wilfredo alicheka. "Shemeji, hapo pana wenyewe. Kule mbele hapana mwenyewe, isogeze." Naye akachukua ufutio, akaisogeza mbele, juu ya nyasi za bahari. Utotoni alikuwa akiokota kome kwenye nyasi zile, na hakuwahi kuona mti hata mmoja.

Alifungua kopo la rangi nyeupe, akalifuta bwawa. Juu yake akachora mikoko ya aina ya michu na mililana, mizizi yake ikichomoza topeni.

Watu walianza kujaa. Wilfredo akafika na Bi. Purificacion, afisa wa manispaa.

"Bwawa liko wapi?" Wilfredo aliuliza.

"Sijaliweka."

"Kapitan, bwawa lako limeliwa na brashi!" akapayuka Manang Loling, muuza samaki, na watu wakaangua kicheko.

Wilfredo alimsogelea, sauti chini. "Lile ni letu sote, Santa. Na lako pia. Abner anajua?"

"Bahari ilipita humo kama kwenye mlango ulioachwa wazi," Crisanta alisema, bila kushusha sauti yake. "Tuliuacha wazi mimi na wewe. Nilijua miti haioti kwenye nyasi. Nilijua, na nikafuta."

Hakuna aliyecheka tena. Wilfredo ndiye aliyemtoa Jonalyn kwenye tope la bwawa lile, akambeba mikononi mpaka nyumbani. Sasa alikaa kwenye benchi, kofia magotini. Bi. Purificacion alipouliza nani anakubali mikoko irudishwe bwawani, mikono ilinyanyuka mmoja mmoja. Wa Wilfredo ulikuwa wa mwisho, na hakumtazama mtu.

Ikabaki ile safu ya mikoko ya mbele, iliyopaswa kufunikwa na nyasi. Kwenye mizizi yake alikuwepo kaa mwekundu. Jonalyn, akiwa na miaka mitatu, alichovya kidole gumba kwenye rangi, akakibandika ubaoni, na mama yake akamalizia miguu. Tangu asubuhi Crisanta alijua kwamba atamfikia kaa huyo, na alikuwa hasikii kitu moyoni.

Alichovya brashi kwenye kijani.

"Mwache huyo, Manang," Loling alisema kwa upole. "Kaa mmoja anamdhuru nani?"

"Huyo ni kaa wa mikoko. Nikimwacha, watapanda hapo alipo."

Akampitishia rangi mara moja tu. Kisha, rangi ya nyasi ikiwa bado mbichi, alikiweka kidole gumba chake mahali palepale, akaona jinsi kilivyo kikubwa. Hapo ndipo alipolia, mbele ya kijiji kizima, na brashi mkononi.