Kuku Wawili Waliokosekana

Walianza na jogoo, kwa sababu ndiye aliyewakimbilia badala ya kuwakimbia. Kijana mmoja, amevaa nguo nyeupe za plastiki kuanzia utosini hadi kwenye buti, alimdaka shingo, akaizungusha mara moja, akamtupia kwenye kiroba. Kisha yeye na mwenzake wakaingia bandani. Gati alisimama mlangoni mwa jiko lake akisikiliza kelele zikikatika moja baada ya nyingine. Tetea mwenye vifaranga aliwasumbua kuliko wote, maana alijibanza nyuma ya mtungi akawa anawadonoa glavu.

"Mama, sogea," kijana akasema. "Ugonjwa huu unaua watu."

Gati akasogea. Ilipofika saa nne asubuhi boma lile la Gorong'a halikuwa na kuku hata mmoja. Viroba vilikuwa shimoni, chini ya chokaa, na vijana walikuwa wakinawa mikono kwa maji aliyoyateka yeye.

Na tuseme ukweli: ni Gati mwenyewe aliyewaita. Mwezi wa sita alihudhuria semina kwenye ofisi ya kata, yeye na wanawake wenzake wanane. Theodosia, afisa mifugo wa kata, binti wa Bukoba mwenye sauti ya upole, aliwabandikia ramani ya dunia ukutani. Mafua ya ndege, alisema, yamepita Asia, yamepita Ulaya, yamevuka bahari hadi Amerika. Hubebwa na ndege wa porini wanaosafiri nchi na nchi, na baadhi yao hutua ziwani kwetu. "Mkiona kuku wengi wamekufa kwa mpigo, msile, msiuze. Pigeni simu." Wenzake waliandika namba, na kuku wao walipoanza kufa wakafanya yaliyofanywa siku zote: wakawapikia wanaume, waliobaki wakawauza, wakanyamaza. Gati aliamka akakuta watano wamelala chali, akapiga simu. Alikuwa mtu wa kushika alichofundishwa, na hilo ndilo lililomponza.

Ukuryani ng'ombe ni wa mwanaume. Mwanamke atafagia zizi mpaka mgongo upinde, lakini hana ng'ombe. Kuku ni wa mwanamke, kwa kuwa wazee wa zamani waliona ni kitu kidogo mno kugombaniwa. Ndani ya kitu hicho kidogo Gati, mjane wa mwaka wa sita, alikuwa amemkinga binti yake. Robi alikuwa kidato cha pili, Tarime mjini. Shule ni bure, wanasema, lakini kitanda cha hosteli si bure, wala chakula. Kila mnada Gati alibeba mayai na majogoo, na Robi akabaki na kitanda chake. Machage, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye sasa ndiye msemaji wa boma, alishamwambia mbele ya ukoo: "Siku utakaposhindwa kumlisha huko, atarudi, atatahiriwa, ataolewa kama wenzake, ng'ombe waingie zizini." Hakusema kwa hasira. Alisema kisha akaomba maji ya kunywa.

Kiongozi wa timu ile alikuwa daktari wa mifugo aitwaye Danford, mtu wa Mbeya, aliyehamia Mara mwaka huo. Alipewa kiti, akaweka fomu juu ya goti. Machage alikaa kwenye kigoda pembeni, akichokonoa meno kwa kijiti.

"Kwenye simu ulisema wamekufa watano," Danford akaanza.

"Ndiyo."

"Mimi nimeonyeshwa mizoga mitatu. Wawili wako wapi?"

Gati akatazama chini. Wawili aliwachukua Machage kabla umande haujakauka, akisema nyama haitupwi kwa maneno ya semina. Alikula na rafiki zake, mifupa akawatupia mbwa. Lakini shemeji hasemwi mbele ya wageni, tena shemeji aliyeshika hatima ya mwanao.

"Sijui," akasema.

"Umewala?"

"Mimi sijawahi kula kuku."

Danford aliinua macho, kisha akacheka. "Mama, unafuga kuku zaidi ya arobaini, halafu hujawahi kula kuku?"

"Kwetu mwanamke hali kuku. Mama yangu hakula. Bibi yangu hakula. Wasichana wa siku hizi wanakula, mimi hapana."

"Daktari," Theodosia, aliyekuja na timu, akaingilia, "kwa kweli akina mama wa umri huu huku kwetu..."

"Dada, huku kwenu ni Bukoba. Tuandike ushahidi, hadithi tuwaachie wazee." Akamgeukia Machage. "Mzee, wewe ndiye mkuu wa kaya. Anachosema ni kweli?"

Gati aliinua uso akamtazama shemeji yake. Neno moja tu lingetosha.

"Kuku ni wake," Machage akasema. "Mimi ni mtu wa ng'ombe. Mambo ya kuku siyajui."

"Na wewe hukula?"

"Mimi? Kula mzoga?"

"Basi mama umewauza," Danford akasema, na kalamu ikaanza kutembea. "Umeupeleka ugonjwa mnadani. Wewe uliyehudhuria semina!"

Hakuna aliyempima Machage, wala waliokula naye. Walimpima Gati joto, wakamwambia asitoke bomani siku kumi na nne.

Wiki ile ile barabarani likawekwa zuio: mti umelazwa njia nzima, mgambo wawili, daftari, na beseni la dawa ya kukanyaga. Kuku, mayai na manyoya marufuku kupita. Kila asubuhi gari la shamba kubwa la kuku wa kisasa lilifika hapo na mayai ya jiko la mgodi wa dhahabu, upande wa Kewanja, na kila asubuhi mti uliinuliwa. Shamba lile lina uzio na lina kibali, mgambo walieleza. Ziwa lile lile, ndege wale wale, lakini inaonekana hata ugonjwa unajua kusoma vibali.

Orodha ya kifuta jasho ilibandikwa kwenye ofisi ya kata mwezi wa kumi. Majirani ambao kuku wao nao waliuawa kwa sababu ya simu ya Gati walikuwemo. Wengine walikuwa hawajamsalimu tangu siku ile. Mbele ya jina lake kulikuwa na mstari mwekundu na maneno mawili: *alificha mizoga*.

Theodosia alimfuata hadi nje. "Majibu ya maabara hayajaja mpaka leo, Mama Robi. Na mimi kwa macho yangu naona ilikuwa kideri tu, ugonjwa wa kuku usioua watu."

"Kideri?"

"Kideri. Chanjo yake ni tone moja la jichoni. Friji ya kata imekufa tangu mwaka jana, ndiyo maana hamkuipata."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Hata siku ile kwako, si uliona nilivyojibiwa?"

Gati aliona uchungu ukimpanda. Angemtukana mtu, lakini nani? Huyu binti naye alikuwa analia.

Hosteli ilivumilia mwezi mmoja, kisha ikamrudisha Robi. Alikuja kwa bodaboda, godoro limekunjwa mgongoni, na Gati akaenda kumpokea kwenye zuio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Simama hapo hapo," mgambo akasema. "Una kuku? Mayai?"

"Sina."

Akafungua godoro, akalipapasa lote. Akamwelekeza kwenye beseni. Robi akakanyaga dawa, mguu mmoja, kisha mwingine, viatu vyeusi vya shule vikaloa mpaka soksi.

Nyuma yake, kwenye barabara itokayo Nyambureti, vumbi liliinuka. Vijana watatu walikuwa wanaswaga ng'ombe, na mbele yao alitembea Machage, fimbo begani, koti amelivaa juani.

"Mura, mna kuku?" mgambo akauliza.

"Ng'ombe tu."

"Mayai?"

"Hakuna."

Mti uliinuliwa juu kabisa ili usigonge pembe. Robi alisogea kando kuwapisha, akawahesabu kwa kidole.

"Kumi na wawili," akasema. "Mama, baba mdogo amenunua ng'ombe?"

Gati akainama. Alishika godoro upande wa pili ili wabebe pamoja.

Mgambo akateremsha mti, akavuta daftari lake, akatazama saa, kisha akaandika: *Hakuna kilichopita.*