Msonobari wa Shimo la Saba

Siku hiyo Ranald Petrie, mtunza uwanja wa gofu, alikuwa hakaliki. Mara atazame barabara, mara ainame kupapasa nyasi za grini ya saba, kile kiwanja cha nyasi fupi kuzunguka shimo, mara apande kilimani kusikiliza kama gari la Shona, mkata miti, linakuja. Shona alikuwa aje Februari, lakini upepo ukaangusha miti barabarani kote mashariki ya Uskoti, akaitwa huko. Sasa ilikuwa Aprili. Grini nyingine zote za klabu ya Kilmundie zimeamka, ya saba bado ina upara.

Mwizi wa jua alikuwa msonobari mmoja upande wa mashariki. Kwa sababu yake barafu ya usiku haikuyeyuka pale mpaka mchana, na penye nyasi paliota kuvumwani ya kijani, laini kama sufi. Machi nzima Ranald aliikwangua kwa reki. Badala ya kuibeba hadi kwenye lundo la mboji nyuma ya ghala, aliirundika chini ya msonobari wenyewe. Mwizi, alisema, mmwagie taka mlangoni kwake.

Kamati ilimkatalia kuukata kwa miaka, hadi kapteni wa klabu alipomwambia kinagaubaga: kata, ila grini iwe tayari kwa mashindano ya Juni, la sivyo tutatafuta mtunza uwanja mwingine. Ranald alianza kazi pale hajaota ndevu. Kufukuzwa alikuogopa kuliko kufa, wala hakuona haya kusema hivyo.

"Bosi, kaa unywe chai," alisema Effie, msaidizi wake, akitafuna pai ya nyama. "Utachimba mtaro hapo kwa kutembea tu."

"Chai yako ni maji ya kuoshea vikombe."

"Na kila siku unaimaliza."

Shona akafika, akajifunga mikanda, akapanda ili aanze na matawi ya juu. Msumeno haukulia. Ranald alisubiri, akatema mate, akasubiri tena. Kisha Shona akashuka polepole.

"Kuna kiota," alisema. "Mama amelalia mayai."

Wote watatu waliijua sheria. Kiota chenye mayai hakiguswi, na mti hungoja mpaka makinda waruke. Hata wakiruka Mei, nyasi hazitapata muda wa kuota kabla ya mashindano ya Juni.

"Umeona vizuri?"

"Macho ninayo." Shona alitazama buti zake. Alimjua mzee huyu tangu utotoni. "Ila naweza kuwa sijaona, Ranald. Useme wewe."

Effie akaacha kutafuna.

"Basi hujaona," alisema Ranald.

"Haya. Lakini panda ukatazame kwanza. Ukishuka ukisema hivyohivyo, nakata."

Akapanda kwa kamba za Shona, magoti yakimlalamikia, akitukana kila tawi. Kwenye panda ya mti akakutana uso kwa uso na ndege mkubwa mwenye kifua cha madoadoa. Ndege hakuruka. Alimkodolea jicho moja jeusi, akajibana zaidi juu ya mayai. Kiota kizima kilikuwa cha kuvumwani ya kijani, ileile aliyoikwangua na kuirundika mwenyewe. Alimpelekea ndege vifaa vya ujenzi mpaka mlangoni. Hasira yake ilitafuta wa kumwangukia ikamkosa.

Aliposhuka, Shona alikuwa ameshika kamba ya kuwashia msumeno.

"Weka chini," alisema Ranald. "Nimeona."

"Na Juni je, bosi?" Effie aliuliza.

Ranald alitoa simu akampigia kapteni palepale, kabla moyo haujageuka, akamwambia mti haukatwi kwa ajili ya ndege.

"Ndege?" kapteni aliuliza. "Ndege, Ranald?"

"Ndege."

"Unajua maana yake," alisema kapteni.

"Najua." Sauti ilimtetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Huyo mtakayemleta, mwambieni asiuguse msonobari mpaka makinda waruke."