Barua Tatu za Wasila

Wasila alifundisha hesabu katika sekondari ya wasichana mjini Kairuani, na kila mwezi kulikuwa na wiki moja ambayo alikufa ganzi moyoni. Binti yake Rim alimwonyesha jino lililong'oka. Wasila alijua anatakiwa kufurahi, asifurahi. Mumewe, Munsif, akiuliza ana nini, alijibu, "Sina kitu." Na kweli alijiona mtupu.

Jumatatu ya kwanza ya Desemba alimpelekea mkuu wa shule, Bi Zuhayra, barua ya kuacha kazi. Bi Zuhayra hakuisoma. Alifungua droo akatoa nyingine mbili.

"Keti, mwanangu. Hizi nazo zako. Kila ukileta, wiki haiishi unakuja kuniomba niichane."

"Safari hii siji."

"Ndivyo ulivyosema Novemba. Hebu tazama tarehe, si ndiye wewe mwalimu wa hesabu?"

Oktoba sita. Novemba tatu. Desemba mosi. Siku ishirini na nane, tena ishirini na nane. Wasila aliona, wala hakushtuka.

"Damu unaitarajia lini?"

"Ijumaa, labda."

Bi Zuhayra alizirudisha barua zote tatu katika droo. "Mdogo wangu tulimwita kichaa miaka kumi na miwili. Mumewe akamwacha. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza swali hilo."

Wasila alikwenda kwa daktari kwa kuwa aliambiwa aende. Daktari, mwanamke wa makamo, alimuuliza kama huwa anawaza kufa.

"Kufa kuna kazi," alisema Wasila. "Nawaza tu nisiwepo."

Ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe. Daktari alisogeza kiti, akamweleza kwamba huo ni ugonjwa unaotangulia hedhi, una jina na una dawa, na haukutokana na uvivu wala upungufu wa imani. Alimwagiza anywe vidonge, aandike hali yake kila siku, na wiki hiyo asikae peke yake.

Mwisho wa Januari wiki ile ilirudi. Ganzi ilikuwepo, ila nyepesi kidogo. Jioni Munsif alimkuta amekaa na koti mwilini.

"Leo vipi?"

"Ndiyo ile wiki."

"Basi napika mimi."

"Utaunguza."

"Nitaunguza, tutakula hivyohivyo."

Wasila hakucheka. Lakini alivua koti, akamfuata jikoni, akaketi kumtazama akikata vitunguu vibaya.