Mzani wa Mashuka

Walipanda mzani wote sita kwa mpigo, wameshikana mabega kama watu wanaovuka mto. Ulikuwa mzani wa kupimia mashuka machafu yanapoingia kiwandani kufuliwa, bapa pana la chuma lililolala sawa na sakafu. Siku hiyo ulipima watu. Mratibu wa afya, binti mchangamfu aliyeletwa na ofisi kuu, alisubiri mshale utulie, kisha akapiga makofi.

"Timu ya Pasi mmeshuka tena! Timu ya Kufua, mpo kweli?"

Kumpima mtu mmoja mmoja kungeleta aibu, alikuwa amewaeleza siku ya kwanza. Mkipimwa pamoja, kila mmoja atamchunga mwenzake. Timu itakayopungua zaidi ingepata wiki nzima ya likizo yenye malipo. Wengi waliuona mzaha. Kapteni wa Timu ya Pasi, mjane aliyekuwa kwenye mashine ya mvuke tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hakuona mzaha hata chembe. Binti yake wa pekee alikuwa amejifungua mbali, mtoto wa kwanza, na kila alipoomba ruhusa aliambiwa kazi ni nyingi. Wiki ile aliitaka kwa udi na uvumba.

Kwa hiyo aliwabana wenzake. Alipiga marufuku soda na keki saa ya chai, akawapandisha ngazi kila asubuhi huku yeye mbele. Mkiani alikuja Kola, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyenyoosha kola ya shati kama yeye. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na kapteni mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale.

"Shemeji, ukapteni ungenipa mimi," alisema akihema. "Watu wangekufa kwa raha."

"Panda huko, domo kaya."

"Napanda. Ila ukinizika, kola yangu uinyooshe vizuri."

Wiki ya mwisho ilipoanza, wanawake wa timu walikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na mkunjaji mmoja alihangaika na zipu ya sketi.

"Kapteni, nikwambie ukweli? Mimi sijapungua. Nyumbani nakula kama kawaida, na sketi ndiyo hii inanikaba."

"Ala! Hata mimi," akadakia mwenziwe. "Nilidhani ni nyinyi mnaotubeba!"

Wakacheka mpaka wakashikilia makabati. Kapteni naye akacheka, maana yeye pia, akiwa peke yake nyumbani, alikuwa akiula wasiwasi wake kwa kijiko. Kisha kicheko kikamkauka. Vijana wawili wa mashine ya kukunjia, waliokamilisha timu, walikuwa vilevile, vibonge wa siku zote. Basi kilo zote walizopigiwa makofi zilikuwa zikitoka mwilini mwa nani?

Alijua. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba alijua papo hapo. Alikumbuka mkanda wa Kola, kamba iliyochanwa kwenye shuka kuukuu. Alikumbuka mkate aliowagawia wenzake kila saa ya chai, akidai anajinyima kwa ajili ya timu, na jinsi yeye kapteni alivyomsifu mbele za watu. Akamfuata mezani kwake.

"Shemeji, unaumwa?"

Kola hakuinua macho. "Koo tu. Chakula kinakataa kushuka. Siku nyingine hata maji."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya huo mzani wenu." Akaigeuza kola, akaipitishia pasi. "Usinikazie macho hivyo. Tukishapimwa Ijumaa nitakwenda hospitali. Wewe kamwone mjukuu. Kaka angekuwepo angekwenda, si ndiyo?"

Angeweza kusema twende, pale pale. Badala yake aliifikiria Ijumaa, akaiona iko karibu. Siku chache haziui mtu, alijiambia. Akarudi kwenye mashine yake, akajitia hamnazo, na tangu hapo akawa anamkwepa; wakikutana mlangoni alizungumza habari za mvua. Binti yake alipompigia simu na kumsikilizisha kilio cha mtoto, kapteni naye akalia. "Nakuja, mwanangu, nakuja," alisema, asijue kama kilichomliza ni furaha au ni aibu.

Ijumaa kiwanda kizima kilikusanyika. Timu ya Kufua ilikuwa imeshapimwa, na mratibu akanong'ona kwa tabasamu kwamba Pasi hawahitaji hata kupungua zaidi. Wakibaki walivyokuwa, wameshinda. Wakapanda. Kola alipanda wa mwisho, amenyoa ndevu, kola yake mwenyewe ameinyoosha, akasimama nyuma ya shemejiye na kumwekea mkono begani.

Mkono ule haukuwa na uzito. Miaka yote kapteni alikuwa akibeba mashati kwenye bega hilohilo, na shati moja kavu lilikuwa zito kuliko mkono ule. Hofu ikamshika, hofu tupu, na baada yake hasira dhidi ya nafsi yake.

Akashuka. Mshale ukayumba.

"Kapteni, vipi tena?" wenzake wakamaka.

"Timu isiyotimia haihesabiwi," mratibu alisema upesi, kwa huruma. "Mama, ni dakika moja tu."

"Dakika zangu nimeshazitumia zote." Akamshika Kola kiwiko. "Shuka, shemeji. Twende hospitali."

"Na mjukuu je?"

"Shuka, nimesema."

Nyuma yao Timu ya Kufua ilianza kushangilia, kwanza kwa wasiwasi, halafu kwa nguvu.

Hospitalini walikaa kwenye benchi mpaka mchana ukageuka. Kupitia mlango uliokuwa wazi kapteni aliona vitanda vya wagonjwa, akayatambua mashuka. Yalikuwa yamepita mikononi mwake wiki hiyohiyo. Hatimaye muuguzi alimwita Kola, akamwonyesha mzani mdogo kando ya ukuta. Kola akavua viatu, akapanda, na kwa mazoea akanyoosha mkono kutafuta bega. Shemejiye akasogea. Mkono ukatua.

"Mama, tafadhali mwachie," muuguzi alisema taratibu. "Akijiegemeza hatutaupata uzito wake. Huku tunampima peke yake."

Kola alimtazama shemejiye, akajaribu kutabasamu. Kapteni akautoa ule mkono begani, kidole kwa kidole, akarudi nyuma hatua moja. Mshale ukatetemeka, ukapanda kidogo, ukagoma.