Kanda Iliyokatika Dakika ya Kumi na Tisa

Kwa mara ya tatu picha ilikatika palepale. Bibi harusi, Eva, yuko mlangoni mwa kanisa la Uru, kamshika baba yake mkono, mguu mmoja hewani, na kompyuta inaandika kwa Kiingereza kwamba imeacha kuvuta picha kutoka kwenye kanda. Dakika kumi na tisa. Doris alitoa kanda kwenye kamera, akaipuliza, akairudisha, ingawa alijua kupuliza hakusaidii kitu.

Ilikuwa harusi ya kwanza aliyorekodi peke yake. Studio ilikuwa ya Filemon, na wiki hiyohiyo Filemon alikuwa ameleta kompyuta kutoka Nairobi kupitia mpaka wa Tarakea, ili harusi zisiunganishwe tena kwa deki mbili za video. Kamati ya harusi ya Eva ingevunjwa kesho jioni, na hapa Moshi kamati haivunjwi kabla wanakamati hawajatazama video na kujiona wanavyocheza.

Simu ikalia. Filemon alikuwa Bomang'ombe.

"Ulisimamisha kamera pale mlangoni, ukaacha pengo kwenye kanda," alisema, hata Doris hajamaliza kueleza. "Kompyuta ikikuta pengo inakata. Nikirudi saa kumi na moja haijaingia, kamera namrudishia Jovin aliyekuwa akirekodi kabla yako. Wewe utabaki na simu na risiti."

"Sawa, kaka."

Hakukumbuka kusimamisha kamera. Lakini Doris alikuwa mtu wa kuomba radhi hata kikombe kikivunjika chumba cha pili, kwa hiyo aliamini.

"Unalia?"

Ni Mama Sirili, aliyekuwa akifagia studio na kupika chai ya tangawizi. Alisimama nyuma yake na birika.

"Silii, mama."

"Basi studio imeanza kukata vitunguu. Inakatika wapi?"

Doris akamwonyesha. Mama Sirili aliweka birika chini, akatazama kioo, macho ameyabana. Kabla ya kupunguzwa kazini alikuwa ametumikia kiwanda cha kahawa miaka ishirini na miwili, kwenye mizani ya magunia.

"Umejaribu kanda ya mtu mwingine?"

"Hapana. Kosa ni langu, nimeshaambiwa."

"Na mimi niliambiwa mengi. Kiwandani mashine ikisimama hatukuanza kuitukana kahawa. Tulimimina ya mkulima mwingine, tukaona. Leta kanda yoyote."

Kabatini kulikuwa na kanda ya kipaimara aliyorekodi Filemon mwenyewe, na alikuwa akiisifia kwa kila mteja. Doris akaiingiza. Walikunywa chai huku watumishi wa kanisa, wazazi na watoto wenye mishumaa wakipita kwenye kioo. Dakika ya kumi na tisa, kipaimara kikakatika.

"Aisee!" Mama Sirili akapiga kofi pajani. "Kumbe na bosi naye hajui kushika kamera!"

Doris alicheka, mkono mdomoni. Kisha Mama Sirili akauliza, kwa sauti ya mtu aliyerudi kazini kwake:

"Hizo zilizokwisha kuingia, zina uzito gani?"

Chuoni Doris alifundishwa majina ya kila kipande cha kompyuta, na hakuna aliyewahi kumwambia aulize uzito. Akafungua orodha. Faili tatu za Eva, moja ya kipaimara, na zote nne zilikuwa na ukubwa mmoja: gigabaiti nne.

"Mama, zinalingana."

"Hapo hakuna kilichoharibika, mwanangu. Gunia limejaa. Sisi la kwetu lilikuwa kilo sitini, na ukilazimisha linapasuka. Funga hilo, weka jingine."

Doris alimtazama mama yule, vidole vyake vinene vimeshika kikombe kilichomeguka ukingo, akatamani kuwa na akili tulivu kama ile, inayokitazama kitu chenyewe kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa. Akarudisha kanda ya harusi nyuma kidogo, akafungua faili mpya, akabonyeza. Eva akashusha mguu. Akaingia kanisani.

Filemon alipofika, vipande vinne vilikuwa vimepangwa kwenye mstari na shangazi za bwana harusi walikuwa wakicheza bila kukatika popote. Alitazama akiwa bado na mkoba begani.

"Nani amekuonyesha?"

"Mama Sirili."

"Huyu wa chai?"

"Wa mizani," alisema Doris, na mwenyewe akashangaa.

Filemon alijikuna shingo. "Jovin nimeshamwambia Jumapili aende Kibosho kurekodi. Komunyo ya kwanza."

Doris alisema kwa sauti ndogo: "Nitaenda mimi, kaka."

"Umesemaje?"

"Sema tena, mwanangu," Mama Sirili alisema akizoa vikombe. "Huyu haji kukuposa."

"Nitaenda mimi!"

Fundi cherehani wa duka la jirani alichungulia dirishani kuona kuna nini. Filemon akaisogeza simu kwake ili amwambie Jovin asiende.

"Basi chaji betri zote mbili," alisema. "Padri wa kule hana haraka."