Wake Wawili, Kiti Kimoja

Mwanamume mwenye wake wawili akinunua gari la viti viwili, huyo ametafuta vita kwa fedha yake mwenyewe. Mustafa, mfanyabiashara wa mawese, alifanya hivyo hasa. Mbelgiji mmoja wa mashamba ya michikichi alikuwa akifunga virago arudi kwao kabla uhuru haujafika, akaliuza gari lake la michezo, jekundu, fupi, lisilo na paa. Mustafa akaingia nalo Rumonge akipiga honi mpaka mlangoni.

Mwanahamisi, bibi mkubwa, alitoka akalitazama. Kiti cha dereva, kiti cha pembeni, basi. Nyuma hapakuwa na hata pa kuweka kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani. Alipogeuka alimwona Wema, bibi mdogo, amesimama mlangoni pa nyumba yake, macho yake kwenye kiti kilekile.

"Gari itafuata zamu," Mwanahamisi akasema palepale. "Mwenye zamu ndiye anapanda. Sheria ni sheria, baba Amisi."

Mustafa akakubali. Angekataaje? Mwanahamisi ndiye aliyeanika naye ndagala ufukweni pa Gitaza walipokuwa hawana mkeka wa pili, ndiye aliyemzalia Amisi na dada zake, na ndiye aliyekwenda mwenyewe kumposea Wema ili watu wasiseme ana roho mbaya. Hilo la mwisho alilijutia kila siku ya Mungu.

Mambo yakaenda kwa zamu, na kwa amani ya kuvumiliana, mpaka Mustafa aliposafiri Usumbura akayaona magari ya matajiri wa kule. Alirudi hana raha. Alisema gari lake limebana magurudumu kama mtu aliyeshikwa na haja ndogo, na ya wenzake yamepanua miguu, yamesimama kiume. Akalipeleka kwa Lukeba, fundi aliyetoka Uvira, akamwagiza amchongee pete nne nene za chuma za kuweka kati ya gurudumu na habu yake, pamoja na bolti ndefu za kuzishika, ili matairi yatokeze nje. Lukeba akazichonga, akazifunga. Gari likatoka gereji limetanua, matairi yamefika sawasawa na ukingo wa madigadi, na haki ya Mungu lilipendeza. Hata Mwanahamisi alikiri moyoni.

Zamu ilikuwa ya Wema, akawa wa kwanza kulipanda. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mustafa sasa alikuwa na vipya viwili kwa mpigo. Wakaenda Kigwena mpaka msituni, wakarudi, gari kimya, laini, ushungi wa Wema ukipepea.

Ikafika zamu ya Mwanahamisi. Hakuwa mwanamke mwembamba, wala hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mwili wake ulikuwa wa heshima. Alijitia kitini, gari likaondoka, na kwenye shimo la kwanza karibu na soko tairi likasaga madigadi: krrrr! Wanawake waliokuwa wakiuza mihogo wakainua vichwa. Shimo la pili, krrrr! Mtu akapaza sauti, "Eeh, Mustafa! Umepakia magunia ngapi?" Soko zima likaangua kicheko. Mustafa naye akacheka, kidogo tu, kwa pembe ya mdomo, lakini Mwanahamisi alimwona.

Tangu siku hiyo wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa na wivu hapo kabla, nani hana? Lakini ule ulikuwa wa kawaida, wa kuangalia kitenge cha nani kimegharimu zaidi. Huu ulikuwa mwingine. Akipepeta mchele alijiambia: wamekaa wawili, wakapima. Walijua Wema akipanda gari litanyamaza, na mimi nikipanda litapiga kelele. Zile pete zimechongwa kwa kipimo cha makalio yangu, ili nione haya, nijiondoe mwenyewe, na zamu ife bila mtu kuiua. Kila alivyoligeuza hilo wazo, ndivyo lilivyozidi kuwa kweli.

Nayo siku ya uhuru, depanda kama walivyoiita, ilikuwa inakaribia. Rumonge walishaanza kukata matawi ya michikichi ya kupambia barabara. Wenye magari wangepita mbele ya watu wote, ngoma zikipigwa. Na zamu, upende usipende, iliangukia kwa Mwanahamisi.

"Jua itakuwa kali ile siku ya depanda," Mustafa alianza, akiwa anakula. "Na mavumbi, na watu wengi. Miguu yako inavimba, mama Amisi. Ungepumzika tu."

"Miguu gani? Hii ilisimama Gitaza kukuanikia ndagala?"

"Mimi nasema tu."

"Na mimi nakusikia tu."

Kesho yake Mustafa aliliacha gari kwa Lukeba lisuguliwe ling'ae kwa ajili ya sherehe. Mwanahamisi akajitanda kanga, akaenda gereji.

"Amahoro, mama," Lukeba akamsalimu.

"Amahoro. Toa zile pete."

"Pete za gari? Muzee iko anajua?"

"Basi toa za upande wangu tu. Yeye anakaa kushoto, ya kulia hataiona."

Lukeba akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Gari itakuwa kama mutu mwenye muguu moja mufupi, mama. Kwa nini unataka hivyo?"

"Kwa sababu mimi ni muzito! Si ndiye wewe ulizichonga? Walikupatia kipimo changu. Sema kweli."

"Kipimo chako? Hakuna mutu alikutaja, mama. Muzee alisema tu, nataka gari ikae muzuri." Fundi akainama, akapitisha kidole ndani ya madigadi, akamwonyesha rangi iliyokwaruzika. Kisha akaenda upande wa dereva akamwonyesha mkwaruzo mwingine kama ule. "Upande wako, upande wake, yote sawasawa. Panda tuende, tuone."

Akapanda. Rumonge nzima ilimwona mke wa Mustafa akipelekwa na fundi, na shauri yao. Lukeba alipofika kwenye mashimo ya sokoni alipunguza mwendo, akalizunguka la kwanza. La pili halikuzungukika, akaliingia taratibu, gurudumu moja, kisha jingine. Mwanahamisi alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili akiungoja ule mlio. Haukuja.

"Tena," akasema.

Wakapita tena. Kimya.

"Sasa endesha kama yeye."

"Yeye anaendeshaka namna gani?"

"Mbio. Bila kuzunguka kitu."

Lukeba akamtazama, kisha akakanyaga mafuta. Krrrr!

Njiani kurudi gereji Mwanahamisi alipiga hesabu. Uzito ulikuwa uleule, pete zilezile, mashimo yaleyale. Kumbe Wema alikuwa anazungushiwa mashimo, na yeye alikuwa anapitishwa juu yake haraka haraka ili safari iishe. Hapakuwa na njama. Hakuna aliyekaa kumpima. Laiti wangempima! Anayekufanyia njama angalau amekaa akakufikiria, na Mustafa hakuwa amemfikiria hata kidogo. Alitamani arudishiwe ule wivu wa jana, ambao sasa aliuona mwepesi.

"Nizitoe, mama?"

"Ziache," akasema. "Zinapendeza."

Siku ya uhuru ilipofika, Mustafa alimkuta ameshakaa kitini, kanga mpya, wanja machoni. Wema alitoka kuwaaga. "Muende muzuri, dada," alisema, bila kebehi yoyote, na hilo nalo lilimuuma Mwanahamisi. Angefurahi zaidi kama angebezwa.

Barabara ilikuwa imejaa watu pande zote mbili, bendera, matawi, ngoma zinatikisa kifua. Mashimo ya sokoni yakaonekana mbele, na Mustafa akaongeza mwendo kama kawaida yake. Mwanahamisi akamwekea mkono gotini.

"Baba Amisi. Nipitishe kama unavyomupitisha Wema."

Mustafa aligeuka kumtazama. Uso ulimwiva mbele ya umati ambao haukusikia kitu. Mguu wake ukatoka kwenye mafuta, akalizunguka shimo la kwanza polepole, akaliingia la pili kama aliyebeba mayai. Gari halikulia. Wanawake wa mihogo wakapiga vigelegele, mmoja akaita, "Bibi mukubwaaa!"

Mwanahamisi akawapungia mkono. Alikuwa ameshinda, na mji mzima ulikuwa shahidi: kiti chake, zamu yake, mume wake akimzungushia kila shimo mpaka mwisho wa barabara. Na kwa kila shimo walilolizunguka roho yake ilizidi kumuuma, kwa sababu Wema hakuwahi kuomba.