Bunduki Mbili za Pak Darsono

Gari lilikuwa la marehemu baba yake Bu Wigati, Corolla ya zamani iliyokaa uani kwao hapa Malang, Indonesia, mpaka kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Mumewe, Pak Darsono (Pak kwetu ni Mzee, Bu ni Mama), alipostaafu aliifufua injini, akakwangua kutu, akapaka puti, akapiga msasa mpaka vidole vikaota sugu. Kazi ilikwenda vizuri. Ikaja kukwama kwenye bunduki ya kupulizia rangi.

Darsono alitaka ile yenye kikombe juu, rangi ishuke yenyewe. Shemeji yake Kasmuri, mdogo wake Wigati, aliyewahi kupaka rangi mikokoteni ya kuuzia mipira ya nyama, aliapia ile yenye kikombe chini.

"Kikombe chini ni kikubwa, shemeji. Unajaza mara moja, unapiga gari zima. Hicho chako cha juu ni kikombe cha chai."

"Wewe ulipaka mikokoteni, Kasmuri. Hili ni gari."

"Gari gani? Halijatembea tangu mimi nina nywele!"

Mimi nakaa nyumba ya pili, ukuta mmoja unatutenga, kwa hiyo mabishano hayo niliyala asubuhi, mchana na jioni. Mwishowe mwenye duka la rangi, naye kachoka, akawaazima bunduki zote mbili wakajaribu.

Wigati akawatolea milango miwili ya kabati bovu la bati. Darsono akapiga wake kwa kikombe juu, Kasmuri akapiga wake kwa kikombe chini, rangi ileile ya kijani cha jani la mgomba. Kila mmoja aliandika herufi yake kwa chaki nyuma ya mlango, wakaiegemeza jikoni mbali na manyunyu, kisha wakaja barazani kwangu kunywa kahawa wakisubiri ikauke.

Kasmuri alipokwenda kunawa mikono, Darsono aliniinamia. "Wa kwake umeharibika. Namwonea huruma tu."

Darsono naye alipoingia ndani kuomba sukari, Kasmuri akanikonyeza. "Shemeji amepaka kama anamwagia maua maji. Usimwambie."

Huku nyuma, Wigati aliifuta chaki. Palipoandikwa D akaandika K, na palipoandikwa K akaandika D. Kisha akarudi kukaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, kana kwamba hakuna lililotokea.

Walipomaliza kahawa niliwafuata. Darsono aligeuza mlango mmoja, akaiona D, akaurudisha taratibu kama anamlaza mtoto mchanga.

"Huu hapa. Angalieni ulivyotandaa sawasawa. Haujachuruzika hata tone moja. Hiki ndicho kikombe juu!"

"Ndugu yangu, huo una vipele kama ganda la chungwa," Kasmuri alisema. "Njoo uone wangu unavyong'aa. Unaweza kunyolea ndevu hapa! Kikombe chini hicho."

"Unang'aa, lakini umelia. Ona chozi lile! Mkono wa nani huo unaotetemeka hivyo?"

"Chozi moja tu! Uzuri ukizidi huwa hivyo."

Wigati alikuja na sahani ya tempe. "Pak, wewe si ulipiga mlango wenye kitasa?"

"Ndiyo. Nilikizibia karatasi mwenyewe."

"Basi mbona unausifu usio na kitasa?"

Darsono alitazama mlango aliokuwa akiusifu. Akatazama wa pili, wenye kitasa, uliong'aa na kulia chozi. Masikio yakamwiva. Kasmuri alianza kucheka, akacheka mpaka akajishikilia kwenye sinki, kisha ghafla akakumbuka alichosema juu ya ganda la chungwa, kicheko kikakatika.

"Dada, umetufanyia nini?"

"Mimi? Mmesema wenyewe. Kompresa yetu ya kusukuma upepo ina pumzi za paka mgonjwa, haiwezi kuvuta rangi kutoka chini, ndiyo sababu ya vipele. Na chozi ni mkono wa Pak, bunduki haina kosa. Tutanunua ile ya kikombe juu, ataishika Kasmuri."

"Bunduki yangu, mkono wake?" Darsono alilalama.

"Na gari la baba yangu. Kuleni tempe."

Siku ya kazi kulikuwa na jua. Kasmuri alipuliza, Darsono akamfuata nyuma ameinua mpira wa upepo usiguse rangi, mdomo ukimwendea: "Sogea. Usisimame. Hapo hapo, sasa geuka." Sitasahau walivyokuwa wakizunguka gari lile kama maharusi wanaogombana.

Walipomaliza boneti, nondo mdogo wa kahawia akaja akatua katikati kabisa, akanasa. Mikono miwili ikanyooka pamoja kumbandua.

"Msiguse!" Wigati alipiga kelele. "Mtaacha vidole kumi badala ya nondo mmoja!"

Walirudisha mikono, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kumvuta mdudu. Siku ya pili Wigati akawasha gari, akaondoka peke yake kwenda Batu kumwonyesha shangazi yake, nondo akiwa mbele kama nembo. Darsono sasa huwaambia wageni kwamba gari lilitoka na nondo huyo kiwandani.